Bi Wakili Anajibu: Mbwa wa mpwa wangu kapigwa marufuku

SWALI: Assalaam alaykum Bi Wakili. Mpwa wangu anaishi Marekani, mji mdogo jimbo la Ohio. Baraza la mji limepitisha sheria ndogo ya kukataza mbwa wa mbegu ya pitibuli, naye kaletewa barua amtoe wake. Mbwa hajamng'ata mtu. Sisi huku mbwa haingii ndani, akikulamba unaosha mara saba, lakini kijana analia kwenye simu kama aliyefiwa. Akishtaki atashinda?
Mjomba wake, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mjomba. Akitaka sheria yote ifutwe, nahofia atashindwa. Huko Ohio, jiji la Toledo liliwahi kuweka ukomo wa pitibuli mmoja kwa kila mfugaji. Mwenye watatu akashitakiwa, akaipinga sheria hiyo, na Mahakama ya Rufaa ikamkubalia mwaka 2006. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua hukumu ile. Kufuga mbwa hakuhesabiwi kuwa haki ya msingi, kwa hivyo jaji hapimi kama sheria ni nzuri au mbaya. Anatazama tu kama baraza lilikuwa na sababu ya maana ya kulinda watu, na sababu ya namna hiyo haikosekani.

Jiji la Denver, jimbo la Colorado, nako walikataza pitibuli mwaka 1989, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaridhia mwaka 1991. Marufuku ile waliiondoa wapiga kura, Novemba 2020, ikawekwa ruhusa maalumu badala yake. Ndiyo maana namshauri kijana aende na majirani zake kwenye vikao vya baraza, awasemeshe madiwani mmoja mmoja.

Lakini mahakamani pia ana mlango, na hapo ndipo ningetia nguvu zangu. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Ohio, katika kesi ya Cowan, ilisema ni kinyume cha katiba mbwa kuitwa wa hatari bila mwenyewe kupewa nafasi ya kupinga kabla ya kushitakiwa. Basi aulize: nani kasema huyu ni pitibuli, na kwa kipimo gani? Mara nyingi huwa ni ofisa kamtazama kichwa na kifua, akaandika. Mbwa chotara hutatanisha hata wenye kazi yao. Apate barua ya daktari wa mifugo, kipimo cha vinasaba, kadi ya chanjo na maandishi ya majirani.

Niliwahi kusimamia shauri hapa Chake Chake: mbwa wa shamba kamng'ata mtoto anayetoka chuoni, na watu wakataka mbwa wote wa kijiji wapigwe risasi. Uchungu wa mama yule sijausahau. Hata hivyo nilisema, na leo nasema, aulizwe mwenye mbwa aliyemwacha bila mnyororo. Kumhukumu mnyama kwa sura yake ni dhulma, na hakumlindi mtoto na jibwa la mbegu nyengine.

Mwambie asimfiche mbwa. Akikamatwa naye atakuwa na kesi mbili. Asome tarehe iliyomo kwenye barua, aombe kwa maandishi kusikilizwa kabla haijapita, na amtafute wakili wa hapohapo Ohio amwombee zuio la mahakama ili mbwa asichukuliwe shauri likiendelea.