Ubao wa mamilioni, LUKU nani ananunua? Maswali yenu kuhusu teknolojia shuleni

SWALI: Habari kaka. Mimi ni mjumbe wa bodi, sekondari ya kata huku Mbozi. Waliosoma hapa zamani wametuchangia milioni 9, sasa kaja jamaa wa mauzo na ubao janja ule wa kugusa, wajumbe wote wameupenda, anataka tumlipe wiki hii kabla ofa haijaisha. Tuchukue?

JIBU: Salama mjumbe, hongereni kwa kupata hela. Huyo wa ofa mwambieni asubiri, akisema haiwezekani basi achaneni naye, maana shule ya serikali hainunui hivo. Manunuzi siku hizi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na hela ya wahitimu ikishaingia akaunti ya shule ni ya umma kama nyingine, mkuu wa shule akilipa mkononi hoja ya mkaguzi ataijibu mwenyewe na nyie wajumbe hamtaonekana.

Ubao wenyewe sio mbaya, shida ni kwamba upo mmoja tu, unakaa chumba kimoja, kioo kikipasuka fundi yuko mbali na mwalimu anarudi kwenye chaki. Mimi ningenunua projekta moja ya kuhama darasa hadi darasa, laptopu kadhaa na ruta, halafu laptopu moja naiwekea Kolibri, programu ya bure ya masomo ya shirika la Learning Equality, masomo yanapakuliwa mara moja mkipata bando la maana na baada ya hapo wanafunzi wanaingia kwa wifi ya ruta tu bila intaneti. Vitabu vya kiada mnavipata maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania).

Na kwa nini laptopu sio desktopu? Umeme. Laptopu 15 zikiwaka masaa manne kwa siku, kila moja ikila kama wati 50, ni uniti 3 za LUKU kwa siku, desktopu na skrini yake inakula mara mbili au zaidi, na umeme ukikatika laptopu inamalizia kipindi. Sasa hiyo LUKU ya mwaka wa pili, betri zilizochoka, kitasa na nondo za dirishani nani analipa? Hapo ndo miradi mingi inafia. Kenya serikali ilianza 2016 kugawa vifaa shule za msingi, vikapita milioni moja, na shule kibao zikaishia kuvifungia kabatini, mara woga wa wezi, mara umeme hakuna, mara walimu hawajui pa kuanzia. Kwa hiyo msimalize milioni 9 yote, wekeni kama milioni 2 pembeni na muandike kwenye muhtasari ni ya nini. Kuongezea kwa wazazi inawezekana ila iwe hiari na yenye kibali, mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya kompyuta. Andikeni pia barua UCSAF (Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote) kupitia halmashauri, wale wanapeleka kompyuta shule za umma.

SWALI: Shule ya mwanangu (binafsi, Tabata) inataka alama za vidole za watoto kwa ajili ya mahudhurio, tumeambiwa tu kwenye grupu la WhatsApp. Ni sawa?

JIBU: Dada yangu, meseji ya grupu haitoshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka taarifa za watoto na alama za mwili kwenye kundi la taarifa nyeti, ridhaa yako inatakiwa iwe ya maandishi. Waulize data inakaa wapi, nani anaiona, mtoto akihama inafutwa lini, na kama shule imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwani rejista ya daftari imewashinda nini? Kidole hakibadilishwi kama paswedi. Disemba 2024 PowerSchool, kampuni kubwa ya Marekani ya mifumo ya shule, waliibiwa data za wanafunzi kupitia akaunti iliyodukuliwa, wakalipa wezi ili zifutwe, na Mei 2025 shule zikaanza kutishiwa tena kwa data zilezile. Na Kenya mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za kwao kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

SWALI: Mimi ticha wa kompyuta, Korogwe. Tumepewa msaada mashine 12, zote Windows 10, nyingine imekrakiwa (haina leseni halali), virusi vya flashi haviishi.

JIBU: Ticha, Windows 10 ya kawaida iliacha kupata masasisho ya ulinzi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za zamani nyingi hazipokei Windows 11. Shule zimewekewa nyongeza ya masasisho ya ulinzi ya kulipia, dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, ila ile iliyokrakiwa haimo. Acha mbili tatu na Windows halali kama unafundisha Word, zilizobaki weka Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Word, ni bure na virusi vile vya flashi havitaziweza. Wanafunzi wasiingie kama admini. Paswedi ya admini iandike, bahasha ifungiwe ofisi ya mkuu wa shule, uhamisho ukikukuta atakayekuja asianze kwa kufomati mashine zote.