Usibadilishe filta kwanza mkuu, hesabu watu walioko ndani

Mkuu umesema modeli yako ya klinirumu (chumba kinachodhibitiwa kisiwe na vumbi) inatoa chembe za vumbi chache mno, ila kaunta ya chembe inasoma kama 17,000 kwa kila mita ya ujazo (0.5 mikroni kwenda juu), na sasa unataka bosi ang'oe HEPA (filta ya hewa inayonasa chembe ndogo sana) aweke ULPA, ambayo ni kali zaidi. Subiri kwanza usimtie mtu hasara. Niko Dresden, Ujerumani, mwaka wa sita huu nashughulika na hewa ya vyumba vya kutengenezea chipu na kosa hilo hilo nimeshalifanya.

Funga kompyuta chukua kalamu. Chumba chako ni mita za ujazo 60, hewa inabadilishwa mara 60 kwa saa, yaani kila dakika mita 60 zinaingia na 60 zinatoka. Mtu mmoja anayetembeatembea humo mpe chembe 1,000,000 kwa dakika, ni makadirio tu, inategemea ovaroli na anavyochangamka. Gawa kwa 60, unapata kama 16,700. Haya njoo kwenye filta: hewa ya nje tuseme ina milioni 30 kwa mita, inaingia mita 6 tu kwa dakika maana iliyobaki ni ya chumba hicho hicho inayorudishwa kupitia filta, HEPA ya 99.97% inapitisha chembe 3 kwenye kila 10,000, kwa hiyo 54,000 kwa dakika, gawa kwa 60 ni 900. Mia tisa! Hata ULPA ifanye maajabu gani itakuondolea hizo 900, zile 16,700 ziko pale pale, na daraja la usafi la ISO 5 linataka zisizidi 3,520. Na hapo nimeionea HEPA, hiyo 99.97 inapimwa kwenye 0.3 mikroni, saizi korofi. Watu wanadhani filta ni kama chujio la chai, kidogo kinapita kikubwa kinabaki, kumbe vidogo sana vinayumbayumba na hewa mpaka vinagonga nyuzi, vikubwa vinashindwa kukata kona navyo vinanasa, vinavyosumbua ni hivi vya katikati 0.1 mpaka 0.3.

Mimi nilipoteza wiki 3 kwenye CFD (kuiga mtiririko wa hewa kwa kompyuta), gridi ya seli milioni 4, nikaweka na mvutano wa ardhi na kila chembe naifuatilia peke yake najiona fundi kweli. Chembe ya 0.5 mikroni ikianguka yenyewe mita moja inamaliza zaidi ya siku nzima, kwenye hewa inayobadilishwa kila dakika huo mvutano ni wa nini sasa? Ichukulie kama harufu tu, inaenda hewa inakoenda. Na ukifuatilia chembe moja moja kwa k-epsilon (modeli ya kawaida ya kukadiria msukosuko wa hewa) angalia sana ukutani, inazinasisha nyingi kuliko uhalisia.

Kilichonitoa ni mzee mmoja wa matengenezo, hajui CFD hata kidogo, akaniuliza "umeangalia saa?" Kuangalia grafu ya kaunta, inaruka saa mbili asubuhi na saa nane mchana kila siku, Jumapili kimya. Shifti zinapokezana! Watu 10 wanavaa ovaroli kwa pamoja kachumba kadogo, mlango unakaa wazi presha inashuka, na kwenye modeli yangu nilikuwa sijaweka mtu hata mmoja, chumba kitupu kinachong'aa.

Ndio maana namheshimu Willis Whitfield wa maabara ya Sandia kule Marekani, HEPA ilikuwepo tangu miaka ya 1940 yeye mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapanga tu hewa itiririke upande mmoja bila kurudi nyuma, ifagie anachomwaga mtu kabla hakijafika kwenye kazi.

Kwa hiyo weka watu kwenye modeli, weka na joto la mashine maana linapandisha hewa juu kinyume na feni. Halafu jaribu hivi: chafua chumba makusudi kikiwa hakina mtu, pima muda wa chembe kushuka hadi moja ya mia ya zilizokuwepo. Kwa hewa yako ni dakika 4.6 kama inachanganyika vizuri, ikifika 10 una kona iliyokufa mahali, yaani hewa haizunguki, mara nyingi nyuma ya kabati. Filta unakuja kuishuku hapo mwisho, na ukiishuku anza na fremu na gundi yake, karatasi yenyewe huwa haina shida.

Weka hapa grafu ya masaa 24 na uchore meza na mlango viko wapi tuone.