Mtoto wa da Gama alivyopigwa Ethiopia, majibu ya maswali yenu

Nilitaja juu juu vile Wareno walichapwa Wofla, kaskazini mwa Ethiopia, mwaka 1542, maswali yakanijia mengi, najibu machache.

Huyu da Gama ndo yule alopita Malindi?
Hapana, yule wa Malindi 1498 ni baba ake, Vasco. Huyu ni Cristóvão, kijana tu, hajafika hata miaka 30.

Walifata nini huko?
Mfalme wa Ethiopia, Lebna Dengel, alikua ameomba msaada kwa Wareno, Imam Ahmad wa Adal, dola jirani la Kiislamu, anamtwanga kila kona. Wahabeshi wanamwita Gragn, yaani mashoto. Msaada kufika 1541 mfalme kashafariki, walompokea Cristóvão na watu wake 400 wa bunduki wakampeleka kwa mjane, malkia Sabla Wangel, alojificha Debre Damo, monasteri juu ya mwamba, hupandi wala hushuki bila kamba.

Sasa na bunduki zote hizo walipigwaje?
Hapa ndo penyewe. Aprili 1542 walimtandika Ahmad mara mbili, risasi ikampata mguuni, mara ya pili kaja vitani amebebwa kitandani! Akakimbia, mvua kubwa zikaanza, na yeye hakulala, akaomba kwa Waturuki wa Zabid kule Yemen wakamletea wenye bunduki kama 900 na mizinga 10. Cristóvão badala ya kumsubiri mfalme mpya Galawdewos apande kutoka kusini akachukua watu kama mia hivi akaenda kuteka mlima apate farasi. Farasi jamani. Tarehe 28 Agosti jeshi la Ahmad likamwangukia pale Wofla, mkono wake ukavunjwa na risasi, akashikwa, akaambiwa asilimu akagoma, akakatwa kichwa.

Kwa hiyo ni vita ya dini?
Dini ilikuwepo sana, makanisa yalichomwa kweli. Ila mi naona pale Wofla kilichoamua ni nani kaletewa bunduki nyingi.

Waliobaki je?
Hawakufika 200. Ahmad akaona kazi imeisha, Waturuki wengi akawarudisha kwao, kosa kubwa, maana wale Wareno wakajiunga na Galawdewos na 21 Februari 1543 pale Wayna Daga Ahmad akapigwa risasi akafa. Mkewe Bati del Wambara akatoroka mpaka Harar, baadae akaolewa na Nur, mpwa wa marehemu, na jeshi la huyo Nur ndo lilikuja kumuua Galawdewos 1559.