Siafu si sungusungu

Siafu wameingia banda la kuku usiku. Nipulize dawa gani?

Usipulize. Fungua mlango, toa kuku, rudi kulala. Watakusafishia mende na panya, kisha waende zao. Anayekufa ni kuku aliyefungiwa au anayeatamia, na mtoto mchanga usimlaze karibu na njia yao. Ukitaka kuwapindisha, mwaga majivu. Kundi moja lina siafu mamilioni. Dawa yako itamaliza vifaranga kabla yao.

Siafu na sungusungu si wale wale?

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Siafu ni vipofu, hawana makazi ya kudumu; wakimaliza chakula huhama na malkia na mabuu, na hula chochote kisichowahi kukimbia. Sungusungu ni weusi tii, wana shimo lao, na kitoweo chao ni mchwa tu. Msafara wao ni wa mamia. Ukiwabughudhi hutoa sauti ya kukwaruza na harufu mbaya. Siafu hung'ata na kung'ang'ania, sungusungu huchoma kwa mwiba wa nyuma. Walinzi wa jadi wa Usukumani, Tanzania, hawakupewa jina la sungusungu bure.

Mdudu mnene wa kahawia, kama nyigu, anagonga taa. Ana sumu?

Dume la siafu. Hana mwiba. Zima taa.

Eti sungusungu hutibu majeruhi?

Ni kweli. Mchwa askari huwakata miguu vitani. Aliyeumia hutoa harufu ya kuita, wenzake wakambeba hadi shimoni na kumlamba kidonda. Kikiingia vijidudu, humpaka majimaji ya tezi zao wenyewe. Watafiti waliowachunguza Ivory Coast walieleza mwaka 2023 kwamba tiba hiyo hupunguza vifo kwa asilimia 90. Aliyepoteza miguu mitano huachwa hapo hapo. Na wewe, ambaye mchwa wanakula kenchi lako, ndiye unayewamwagia sungusungu mafuta ya taa!

Malkia wa siafu anauzwa bei gani?

Kenya, Mei 2025, watu wanne walipigwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela miezi 12, kwa kutaka kusafirisha malkia nje. Malkia hao hawakuwa hata wa siafu, walikuwa wa sisimizi wanaokula mbegu. Usiniandikie tena kuhusu bei.