Boila yako haiijui silinda: niliyojifunza baada ya kukosa maji moto msimu wa joto

Siku ya kwanza ya jua la kweli mwaka ule niliamua kubana matumizi. Nikaiendea boila, mashine yetu ya gesi ya kupasha maji, nikazungusha swichi yake kutoka kwenye alama ya rejeta (vyuma vya kupasha nyumba joto) na bomba, nikaiacha kwenye alama ya bomba peke yake. Baridi imekwisha, nikajiambia, tunachohitaji ni maji moto tu, ya nini kuunguza gesi bure?

Kesho yake asubuhi mke wangu alitoka bafuni akitetemeka. Maji ya ghorofani yalikuwa ya baridi kabisa. Nikashuka jikoni, nikafungua bomba, maji yakatoka na mvuke.

Siku tatu sikuelewa kitu. Gesi ipo, boila inawaka, jikoni maji yanaunguza, bafuni yanagandisha. Fundi wa kwanza akasema ni pampu. Akaifungua boila, akabadilisha pampu, akairudisha swichi kwenye alama ya rejeta ili ajaribu kazi yake, na baada ya saa moja silinda, yaani tangi letu la maji moto ya kuoga, ilikuwa ya moto. Nikamlipa, akaenda zake. Mimi nikairudisha swichi kwenye bomba, maana msimu wa joto ni msimu wa joto. Kufika kesho yake, baridi ile ile.

Fundi wa pili hakufungua hata mkoba wake. Aliuliza tu, "Hii swichi nani ameiweka hapa?" Nikasema ni mimi. Akacheka, akaniambia: "Mzee, boila hii haijui kama una silinda. Yenyewe inaiona silinda kama rejeta kubwa tu."

Ukiishika kauli hiyo, mengine yote yanafuata.

Boila ya kombi, kama hii yangu, ina kazi mbili. Ya kwanza ni maji ya bomba: ukifungua bomba lililounganishwa nayo moja kwa moja, inahisi maji yanapita, inawasha moto, na vali ya ndani inageuza njia ili joto lote liende kwenye maji yale. Ya pili ni kuzungusha maji ya moto kwenye rejeta, vile vyuma vya ukutani, ili nyumba ipate joto. Silinda inapoongezwa, kwa kawaida huunganishwa kwenye hiyo njia ya pili. Maji ya rejeta hupita ndani ya koili, bomba lililojisokota lililomo tumboni mwa silinda, yakayapasha maji ya kuoga bila kuchanganyika nayo. Kwa hiyo ukiizima njia ya rejeta kwenye boila, umeizima na silinda. Jikoni kwangu kulikuwa na maji moto kwa sababu bomba la jikoni linatoka kwenye boila yenyewe. Bafu zote mbili zinategemea silinda.

Mtu atauliza kwa nini kuwe na vyote viwili. Kombi ya kilowati 24 inatoa kama lita 10 kwa dakika ikiwa inayapandisha maji nyuzi 35. Kwa bafu moja hayo yanatosha. Wawili wakioga pamoja, mmoja atalalamika. Silinda ya lita 200 inaondoa ugomvi huo, na jikoni, karibu na boila, huhitaji kusubiri maji yasafiri kutoka ghorofani kwa ajili ya kuosha kikombe kimoja. Ni mpangilio mzuri, sijutii. Ila unataka mwenye nyumba anayeuelewa.

Basi ushauri wangu wa kwanza: swichi ya boila iache kwenye rejeta na bomba mwaka mzima. Kuwasha na kuzima kufanyike nje ya boila, kwenye taima na thamostati, kidude kinachopima joto na kuamuru moto uwake au uzimike. Kwenye mabomba kuna vali mbili zenye mota, moja ya rejeta na moja ya silinda. Thamostati ya chumbani inaiamuru ya kwanza. Thamostati ndogo iliyofungwa ubavuni mwa silinda, pamoja na taima, zinaiamuru ya pili. Vali ikishafunguka, swichi iliyomo ndani yake ndiyo inayoiambia boila iwake. Msimu wa joto unazima upande wa rejeta kwenye taima, unaacha upande wa maji, na boila inahudumia silinda peke yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Nilinunua thamostati ya kisasa ya kuendesha kwa simu. Kwenye boksi iliandikwa inafaa kwa kombi, na ni kweli inafaa, kwa kombi isiyo na silinda. Ina chaneli moja tu. Ilikuwa inaamuru rejeta, na silinda haikuwa na pa kutia amri yake. Ukinunua, tafuta yenye chaneli mbili, ya kupasha nyumba na ya maji moto, hata kama muuzaji anakuambia kombi haihitaji. Anafikiria kombi ya kawaida, siyo ya kwako.

Sasa niingie kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote, nalo ni nyuzi za joto.

Boila za siku hizi zinaokoa gesi pale maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Hapo mvuke uliomo kwenye moshi unageuka maji na kuacha joto lake ndani ya boila badala ya kulipeleka nje. Niliposoma hilo nikashusha joto la rejeta hadi nyuzi 50, nikajiona mjanja. Nyumba ikapata joto taratibu, vizuri tu. Lakini thamostati ya silinda ilikuwa imewekwa 60. Maji ya nyuzi 50 yanapita kwenye koili. Yataifikishaje silinda 60? Vali ikabaki wazi, thamostati haikuridhika, na boila ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, mpaka muda wa taima uishe. Nilikuwa naokoa gesi kwa mkono mmoja na kuimwaga kwa mwingine.

Kuishusha silinda nayo sikuthubutu. Maji yaliyotuama kati ya nyuzi 20 na 45 ndiyo makazi ya bakteria wa lejionela, wale waliojulikana baada ya askari wastaafu kuugua kwenye mkutano wao Philadelphia mwaka 1976. Wanaingia mapafuni kwa matone madogo ya maji, kama yale ya bafu la kunyunyiza. Nyuzi 60 zinawaua. Kwa hiyo silinda inabaki 60, mjadala umefungwa. Kwa kuwa maji ya 60 yanaweza kumbabua mtoto kwa sekunde chache, fundi alifunga vali ya kuchanganya maji kabla ya bafu. Kwenye hilo usibane pesa.

Zipo boila zinazokubali nyuzi mbili tofauti: za juu silinda ikiomba, za chini rejeta zikiomba. Kama unanunua boila mpya, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza fundi, na usikubali jibu la "itafanya tu". Yangu haina uwezo huo. Nilichofanya ni kuiweka 70, badala ya 80 niliyoikuta nayo, na kuipangia silinda saa yake alfajiri kabla rejeta hazijaanza. Zikiomba pamoja zinagawana moto na kila moja inachelewa. Peke yake, silinda ya lita 200 inayoanza na maji ya nyuzi 10 inahitaji karibu kilowati-saa 12 kufika 60, na koili inayopokea kilowati 15 inaimaliza ndani ya saa moja. Kwa kawaida haianzi na maji ya baridi hivyo, inachukua nusu ya muda huo. Katikati ya baridi kali boila naiacha 70. Baridi ikilegea naishusha hadi 65, chini ya hapo siendi, kwa sababu zile nyuzi za mwisho za silinda zinakuwa za kukokota.

Wapo wanaoiacha silinda iombe moto saa 24. Kama imevikwa vizuri ili joto lisipotee, hasara si kubwa sana, lakini boila inaamka usiku wa manane kwa sababu mtu amenawa mikono. Mara mbili kwa siku zinatutosha sisi wanne.

Boila nyingi za kombi zina kitu cha kuweka maji ya bomba tayari, yaani inajipasha yenyewe kila baada ya muda hata kama hakuna aliyefungua bomba. Kwetu kilikuwa kinahudumia sinki la jikoni tu. Nimekizima. Tunasubiri sekunde chache zaidi, hakuna aliyelalamika isipokuwa shemeji, na yeye hulalamika kila kitu.

Jambo moja linaloshtua wageni: ukifungua bomba la jikoni wakati silinda inapashwa, boila inaiacha silinda na kuhudumia bomba kwanza. Siyo ubovu, imeumbwa hivyo.

Ubovu wa kweli una dalili zake. Rejeta zikiwa za moto msimu wa joto wakati unapasha maji tu, vali ya rejeta imekwama wazi. Boila ikiwaka bila kuombwa na yeyote, mara nyingi ile swichi ya ndani ya vali imeganda. Silinda ikiwa ya baridi na rejeta ni za moto, shika bomba linaloingia kwenye koili, kwa uangalifu: likiwa la baridi, vali ya silinda haijafunguka. Vali nyingi zina kijiti cha pembeni cha kuifungua kwa mkono, nacho kimewahi kutuokoa wikendi nzima. Kumbuka tu kwamba kijiti kinapitisha maji, kwa kawaida hakiiambii boila iwake, kwa hiyo rejeta nazo lazima ziwe zinaomba.

Kufungua boila ni kazi ya fundi mwenye leseni ya gesi. Silinda iliyofungwa yenye presha nayo ina vali zake za usalama. Zikianza kuchuruza, usizizibe, ita fundi.

Na ile hita ya umeme iliyomo kwenye silinda, ya kilowati 3, ijaribu mara moja moja kabla hujaihitaji. Inachukua karibu saa nne kwa silinda yote iliyo baridi. Yangu niliijaribu siku boila ilipokufa kabisa, nikakuta swichi yake haina hata waya nyuma.