Maswali ya wasomaji: Dola 90 na mwezi wa siku 31

Wahariri, jambo yenu. Niko mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi, nimepanga chumba karibu na chuo kikuu cha Kasapa kwa dola 25 kwa mwezi. Wazazi wananitumia dola 90 kwa simu kila tarehe 1. Ikifika tarehe 18 hivi naanza kukopa unga kwa majirani, na sioni nilikula nini cha ajabu. Nakosea wapi?

Mwanetu, pengine hukula cha ajabu chochote. Wengi hugawa pesa kwa wiki nne, na wiki nne ni siku 28 tu. Tena pesa ya masomo wanaiacha ichanganyike na ya mboga.

Lipa chumba kwanza: zinabaki 65. Dola 8 ni za silabasi (maandishi ya masomo), fotokopi na transhi (awamu) ya ada. Hizo zibaki kwenye simu. Dola 7 ni za makala (mkaa), sabuni na mafuta ya kupikia. Sasa una 50 za chakula na nauli, lakini usizigawe bado, maana kuna unga.

Unga wa kununua meka (kopo la kupimia) moja kila jioni ndio unaomaliza wanafunzi. Jiungeni watatu, mnunue mfuko wa kilo 25. Kila mmoja akipikiwa gramu 300 kwa siku, mfuko unafika siku 27. Tuseme theluthi yako ni dola 6: zinabaki 44. Basi 10 kila wiki, na zile 4 za mwisho ni za siku tatu ambazo wengi huzisahau. Kati ya Desemba na Machi, kabla ya mahindi mapya, unga hupanda bei; nyongeza ikatwe kwenye soda na mikate ya asubuhi, si kwenye zile 8. Makala nayo hupanda mvua zikiharibu barabara, kwa hiyo mwenye nafasi kavu anunue gunia mapema.

Kutoa pesa kidogo kidogo kwenye simu kunakula makato. Toa mara mbili: tarehe 1 toa 58 (chumba, unga, makala na wiki mbili), tarehe 15 toa 24 (wiki mbili nyingine na zile 4 za mwisho). Waombe wazazi waongeze makato juu ya zile 90. Kila noti ya dola ikague mbele ya wakala, maana iliyochanika hata ukingoni itakataliwa dukani, wakati faranga iliyochakaa inapita. Na usibadilishe dola zote siku moja: badilisha za wiki hiyo tu. Faranga nyingi mfukoni hazikai.

Wenzangu wa oditori (ukumbi wa masomo) wananiita kwenye likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu: watu 10, kila mmoja dola 5 kwa mwezi. Niingie?

Ukipata zamu ya kwanza, unapokea dola 50: 5 ni zako, 45 umekopeshwa bila riba. Ukipata ya kumi, umewakopesha wenzako karibu mwaka mzima. Kwa wanafunzi hatari iko kwenye likizo: aliyekula mapema anarudi kwao, wa mwisho anabaki kupiga simu. Sisi tungekubali watu watano au sita tu, zamu zote ziishe kabla ya mitihani, na yako iangukie mwezi wa transhi. Hizo dola 5 zitoke kwenye zile 8, kamwe si kwenye chakula. Ugonjwa haungoji zamu, kwa hiyo likelemba si akiba ya dharura.

Mwenye nyumba anadai garanti (amana ya kodi) ya miezi sita. Ni sawa?

Hapana. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wengi hawajali, nasi tunajua kwamba chumba karibu na chuo hakikai wazi siku mbili. Hata hivyo jadiliana ukiwa na namba hiyo ya sheria mkononi. Usitoe hata dola moja bila karatasi yenye tarehe, kiasi, miezi na sahihi zenu wote wawili. Garanti inarudishwa ukihama, na bila karatasi hutakuwa na cha kuonyesha. Piga pia picha za kuta, kioo na kitasa siku unayoingia.