Mbwa anayelia na kukwangua mlango ukienda kazini

Dada wa Ilazo, Dodoma, umeuliza kwa nini mbwa wako wa mbegu ya Labrador analia na kukwangua mlango ukienda kazini: si mkorofi, ana hofu ya kubaki peke yake. Mbegu hiyo ilikuzwa kufanya kazi karibu na mtu, kumletea mwindaji ndege aliowapiga, kwa hiyo kumfungia peke yake tangu unapoondoka kwenda kazini Mtumba mpaka jioni ni mateso kwake. Kulia, kukwangua mlango na kukojoa ndani wakati anajua kutoka nje mara nyingi huanza ndani ya nusu saa ya kwanza. Acha simu irekodi uone.

Tafadhali usimpige ukirudi. Hawezi kuhusisha kipigo cha jioni na mlango alioukwangua asubuhi. Atajifunza tu kuogopa kurudi kwako, na hofu itazidi.

Mzoeshe kidogo kidogo. Toka dakika moja, rudi kwa utulivu. Akitulia, ongeza mpaka mbili, kisha tano. Akianza kuhema au kulia, umekwenda haraka mno, rudi nyuma. Mtembeze alfajiri kabla jua la Dodoma halijawa kali. Wakati wa mafunzo haya asibaki peke yake kutwa nzima: omba jirani au ndugu ashinde naye, hili ndilo gumu na ndilo muhimu kuliko yote.

Kumletea mbwa wa pili ili awe na mwenzake? Ningesubiri. Wengi humlilia mtu wao, si mbwa mwenzao.

Akifikia kujiumiza kucha au meno, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Zipo dawa za kupunguza hofu zinazotumika sambamba na mazoezi.